Siku niliyopotea kwenye meli niliyodhani naijua

Nianze na la kuchekesha. Siku niliyomwambia bibi yangu nimepata kazi ya kuzamia alilia. Wallahi alilia, akajifunika kanga usoni, maana kwetu mjini mzamiaji ni yule kijana anayejificha kwenye meli ya mizigo na chupa ya maji na biskuti akitaka kutokea Ulaya, ikabidi nikae nae barazani nimueleze taratibu kuwa mie nazamia asubuhi na mchana nishakuwa nyumbani nakula wali, tena nalipwa. Akauliza, haya huko chini unakwenda kutafuta nini? Nikamwambia meli zilizozama. Akaniangalia kama mtu aliekumbwa na shetani wa bahari.

Huu ni mwaka wa kumi na kitu nafanya kazi hii hapa Unguja na swali la bibi bado sijapata jibu lake zuri. Ila leo nataka kuhadithia jengine, namna ya kujua uko wapi chini ya maji wakati hata mkono wako mwenyewe huuoni, kwa sababu watu wengi wakisikia Zanzibar wanafikiri bahari yote ni ile ya kwenye picha, buluu mpaka chini. Nenda Mnemba mwezi wa pili ndo utaipata hiyo. Njoo bandarini Malindi, hapa hapa mjini Unguja, mwisho wa masika, mito ya maji machafu inashuka kutoka mjini, bamvua limechacha, boti za Dar zinavuruga tope kutwa, halaf shuka mita 38 uniambie umeona nini.

Meli zetu za karibu na mji ni mbili ambazo wageni wanaziulizia. Moja ni Great Northern, meli ya Kiingereza ya kulaza kebo za telegrafu, ilizama mwisho wa mwaka 1902, ipo kwenye kina kidogo tu kama mita 12, samaki wengi, hiyo hata mwanafunzi wa wiki moja tunampeleka. Ya pili ni Pegasus na hiyo ndo yenye kisa changu. Pegasus ilikuwa manowari ya Waingereza, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 imetia nanga hapa bandarini inashughulikiwa mitambo yake, mara ikatokea manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaipiga mizinga pale pale ilipo. Wakafa mabaharia zaidi ya 30, wengi wao wamezikwa kisiwani Chapwani, ndo maana wazungu wanakiita kisiwa cha makaburi. Mizinga yake ilitolewa ikaenda kupiganiwa vita bara, mmoja upo mpaka leo Fort Jesus Mombasa umewekwa jirani na mzinga wa hiyo hiyo Königsberg, mahasimu wawili wanapigwa jua pamoja. Mwaka 1955 mabaki yakauzwa kama chuma chakavu. Kwaiyo ukishuka pale usitegemee meli ya kwenye sinema yenye mlingoti na usukani. Ni mabati, mataruma yani mbavu za meli, mabomba, vipande vimelala huku na huku kwenye tope, kiasi cha mita 40, na hapo ndo mwisho wa kina anachoruhusiwa mzamiaji wa starehe.

Kuipata kwenyewe ni elimu. GPS tunayo, ila nahodha wetu ni mtu mzima aliyekulia kwenye ngalawa na mashua, yeye anapiga alama. Wasioelewa, alama ni hivi, unatafuta kitu cha mbali na kitu cha karibu vinapangana kwenye mstari mmoja upande huu, halaf upande mwengine unatafuta viwili vyengine, pale mistari inapokatana ndo pahala pako. Wavuvi wote wa pwani hii wana alama zao na hawakwambii ng'o. Za nahodha wetu nazijua nusu, najua Minara Miwili ya kanisa imo, na Beit-el-Ajaib ilikuwamo, mpaka lilipoporomoka lile jumba Disemba 2020, siku zile alikuwa na hasira na serikali utafikiri wamembomolea chumba chake cha kulala. Baada ya hapo akatafuta nyengine. Hiyo nyengine hajanambia.

Sasa kisa. Mwezi wa tano, mgeni mmoja mtu mzima, mzoefu, dive zake zaidi ya 200, ana cheti cha kuingia kwenye meli zilizozama, alikuwa anaitaka Pegasus wiki nzima. Nahodha alisema ngojeni maji mafu, zile siku maji hayapandi wala hayashuki sana. Maji mafu yalikuwa bado siku nne na mgeni ndege yake siku tatu. Unajua tena. Nikasema twende saa ya maji kusimama, tushuke haraka tupande haraka. Hapo tayari kosa la kwanza, maana kwenye bamvua maji yetu yanapanda na kushuka karibu mita 4, na kule kusimama kwenyewe ni kudogo sana, hujamaliza kuvaa fini za miguuni maji yashageuka.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Rili, kile kigurudumu cha kamba ya kufunga njiani ili ikurudishe ulikotoka, ilikuwa kwenye mfuko wangu, kamba mita 50, kavu, safi. Tukashuka na kamba ya nanga, mpaka mita 20 tunaonana vizuri, kwenye 30 giza kama magharibi, kwenye 36 tochi ikagota kwenye kitu cheusi mbele yangu kama mita mbili. Nikajua hapa ni ubavuni, karibu na tezi, nyuma ya meli. Nikajisemea meli hii nishaiona mara nane, ya nini kufunga kamba, si naona chuma hichi hapa? Nikamuonesha mgeni ishara tufuate ubavu, tuuweke bega la kushoto, tukirudi tuuweke bega la kulia. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni sahihi kabisa na ndo tunavyofundisha.

Wazee wana msemo, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sie hata hiyo ngama hatukuiona.

Kilichotokea ni hiki. Ubavu wa meli iliyovunjwavunjwa si ukuta, ni vipande. Pahala fulani bati moja limekatika, la pili limeangukia nje, limelala kuelekea kwenye tope, sie kwa vile tunaona mita moja na nusu tukatoka kwenye bati la kwanza tukaingia la pili bila kujua kama tumeshabadilisha njia, yani tunafuata kipande kilichoanguka tukidhani bado tunafuata meli. Halaf mgeni fini zake akazipiga chini mara mbili tatu, tope likainuka, na povu letu likagonga mabati juu likadondosha kutu kama unga wa ukwaju uliokaushwa. Tochi nikawasha kali, ikawa vibaya zaidi, kama gari inayowasha ful kwenye ukungu, weupe mtupu machoni. Nikageuka. Chuma bega la kulia. Tukarudi, tukarudi, kikaisha. Mbele tope tu, tambarare.

Nikatazama dira. Dira ikanambia nakwenda upande ambao haiwezekani kabisa. Nikaigeuza mkono, ikabadilisha maneno. Sasa hapo nikaanza kufanya kitu ambacho kila mtu aliepotea anafanya, nikaanza kubishana na dira. Inadanganya kwa sababu ya chuma cha meli, nikasema, lakini kama inadanganya inadanganya kiasi gani na upande gani? Na kwenye mita 38 akili si akili yako, naitrojini inakulewesha kidogo kidogo, mambo madogo yanachukua muda mrefu, nikakumbuka nimesoma geji ya hewa mara tatu mfululizo bila kukumbuka imesema ngapi. Ya nne ndo nikaikamata, bar 90, chini ya nusu ya tangi. Pale chini unavuta hewa karibu mara tano ya unavyovuta juu, tangi ambalo juu lingekutosha saa nzima hapo ni dakika kumi na kitu basi. Na muda wa kukaa kina kile bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ni dakika 9 hivi kwa hewa ya kawaida, ushushe na muda wa kuteremka.

Nikamshika mgeni mkono wa juu, nikamuonesha dole gumba, tunapanda. Bila kamba. Kwenye maji matupu.

Wanaozamia wanajua kupanda bila kamba kwenye kiza ni kitu gani. Huna ukuta, huna chini, huna juu, unaangalia kompyuta ya mkononi na povu lako tu, usilipite povu dogo, kama mita 9 kwa dakika. Mpaka mita 5 tukasimama zile dakika tatu. Nikatoa soseji, lile boya refu la kuonesha juu kuwa tupo hapa, nikaijaza hewa, ikaenda juu. Na hapo ndo nikausikia muungurumo.

Boti ya Dar. Inaingia au inatoka, hapo ndo balaa, huwezi kujua. Chini ya maji sauti inakwenda kasi zaidi ya mara nne ya inavyokwenda hewani, inafika masikio yote mawili pamoja, kichwa kinashindwa kujua imetoka kushoto au kulia. Ilikuwa kila pahala. Inakua. Nikafikiri tushuke tena, nikatazama geji ya mgeni, bar 40. Tukashuka mpaka mita 9 tukabaki hapo tumeshikana kama watoto wanaovuka barabara ya Darajani, mpaka sauti ikapungua. Sijui ilipita mbali au karibu. Nahodha anajua ila hataki kusema, akiulizwa anasema "ilipita".

Yeye aliiona soseji yetu mbali, kama mita 300 na kitu kutoka boti ilipotia nanga, maji yalikuwa yashageuka yametuchukua. Kutuokota alitupandisha kimya. Mgeni akashukuru, akasema ni dive nzuri sana, hakujua hata kama tulipotea, masikini. Tulipofika pwani na mgeni keshaondoka ndo nahodha akanambia, "Mwanangu, rili yako mbona kavu?"

Basi. Hakuongeza.

Nilikaa wiki mbili nikipeleka watu kwenye matumbawe tu. Halaf nikamrudia mwalimu wangu aliyenifundisha mwanzo, nikamwambia nianzishie upya kama sijui kitu. Akacheka lakini akakubali. Siku ya kwanza hata hatukuingia majini. Alinipeleka ufukweni kwenye mivinje, akaziba maski yangu na karatasi ile ya foili ya kufungia chakula, akanipa rili, akasema funga huku, zunguka miti mitano, halaf rudi hujafungua macho. Watoto wa mtaani walikusanyika wanatazama libaba zima limevaa maski linapapasa miti. Nilijikwaa, nilipoteza kamba mara mbili, na niligundua kitu kimoja ambacho kwa miaka yote ile nilikuwa nakifanya vibaya. Nilikuwa nafunga kamba kwa kuangalia njia ya macho. Natakiwa nifunge kwa kufikiria njia ya mkono.

Hii ngoja niieleze maana ndo roho ya habari yote. Ukiwa unaona, unafunga kamba hapa, unakwenda, unakata kona, kamba inajivuta yenyewe inakwenda kukaa pale inapotaka, mara nyingi inajipenyeza kwenye ufa baina ya mabati mawili. Ukirudi unaona unaizunguka tu. Lakini ukirudi huoni, mkono unafuata kamba, kamba inaingia kwenye ufa wa inchi tatu, wewe na tangi lako hamuingii. Mkono uko upande wa pili, mwili uko huku. Huo ni mtego kabisa. Kwaiyo kila kona unazungusha kamba kwenye kitu, unaikaza, unaiweka pahala ambapo mtu mzima na tangi anapita. Na usizungushie kwenye ncha kali, kutu ya miaka 100 ni wembe. Fundo la kwanza kwenye kamba ya nanga yenyewe, la pili kwenye meli, kwa sababu la kwanza likifunguka la pili bado lipo. Kamba isilegee hata siku moja, ikilegea inaelea inakusokota miguu. Kurudi, unatengeneza pete kwa kidole gumba na cha shahada, kamba inapita ndani, hushiki kwa nguvu, huivuti. Ukiivuta unaifungua mwenyewe.

Na mwenzako anakushika mkono juu ya kiwiko. Akikusukuma mbele maana yake twende. Akikubana, simama. Akikuvuta, rudi nyuma. Matatu tu, yanatosha. Mie na mke wangu tulijaribu nyumbani siku ya umeme kukatika, akaishia kunipeleka jikoni nikaoshe vyombo.

Dira nayo nilikuja kugundua nilikuwa naionea. Siku moja nimekaa kwenye boti nachezea tochi yangu karibu na dira, sindano ikaruka. Nikaisogeza mbali, ikatulia. Nikaileta, ikaruka. Kumbe swichi ya tochi yangu ndani ina sumaku! Na siku ile dira mkono wa kushoto, tochi mkono wa kushoto huo huo. Chuma cha meli kilichangia ndio, lakini muongo mkubwa nilikuwa nimemnunua mwenyewe na pesa yangu. Siku hizi dira ipo kulia tochi kushoto, na uelekeo nauchukua mapema, nikiwa bado kwenye kamba ya nanga juu ya meli mita kumi hivi, naandika kwenye kibao, meli inalala hivi, mkondo unatoka huku, nchi kavu iko kule. Nikifika kwenye chuma dira siiulizi kitu.

Mateke ya miguu nayahesabu pia. Nilivuta kamba ya mita 30 kwenye maji meupe nikaipita mara kumi, mimi ni mateke 24, moja ni kulia na kushoto pamoja. Mgeni mrefu mwenye fini ndefu hesabu yake nyengine, kwaiyo anayehesabu ni mmoja. Na teke lenyewe la chura, miguu inasukuma maji nyuma, si juu chini, hilo la juu chini ndo linaloamsha tope.

Kuna jambo moja nililipata kwa ami yangu, mvuvi, hajawahi kuvaa maski maisha yake. Nilimuuliza usiku usio na mwezi anajuaje yuko wapi. Akasema anashusha chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, akisikia linagonga ni mwamba, likitulia taratibu ni tope, likikwaruza ni mchanga, na yeye chini ya bahari ya huku anaijua kwa mpangilio wake, mwamba halaf mchanga halaf tope. Nikaenda kuisoma Pegasus hivyo hivyo. Kumbe karibu na chuma mkondo unachimba, kuna kishimo, kuna makombe na vipande vya kutu vigumu chini ya vidole. Ukitoka mita tatu nne ni tope laini tupu. Sasa nikiweka mkono chini nikikuta laini najua nimeshaiacha meli, na pale siku ile niliogelea juu ya tope laini dakika mbili nzima natazama dira inayodanganywa na tochi, wakati habari yote ilikuwa chini ya tumbo langu.

Hewa siku hizi ni mafungu matatu, moja kwenda, moja kurudi, moja haliguswi. Wageni wengine wananuna, dive ya dakika chache na wamelipa. Nawaambia Great Northern ipo, mita 12, kaa mpaka uchoke.

Mwaka uliofuata tulirudi Pegasus, maji mafu, mwezi wa kwanza, kaskazi limetulia, na bado chini ilikuwa kama chai ya maziwa. Nilikuwa na mwenzangu wa kazini, hakuna mgeni. Kamba yangu sasa nimeitia mafundo kila mita tano, kubwa na dogo yameandamana, dogo liko upande wa kutokea, nikishika tu kwa kiza najua nyumbani wapi. Tukafunga kwenye nanga, tukafunga kwenye chuma, tukaenda mateke 20, tukazima tochi makusudi, tukageuka. Nikatengeneza pete ya vidole, nikaanza kurudi. Kubwa, dogo. Kubwa, dogo. Kwenye bati la pili nikatoa mkono kujishikilia, na mkono ukakuta kamba.

Nikasimama, mwenzangu akanibana mkono nae akasimama. Nilikuwa nimeshika kamba mbili, moja mkono huu moja mkono ule. Ya pili ilikuwa nene, imeota majani na vikombe vidogo vidogo, imekazwa vizuri kwenye taruma na mtu alieijua kazi yake, inateremka kuelekea kule kwenye tope. Niliipapasa urefu wa mkono, taratibu. Haikuwa na mafundo. Nikaiachia.